Bi Mwatima na Sekunde Saba za Mwisho

Mwaka 2002, mtaa mzima wa Walthamstow, London, haukuwa na mwanamke wa Kizanzibari aliyeogopwa mnadani kama Bi Mwatima, na waliomwogopa hawakumjua hata kwa sura. Walikuwa watu wa Leeds na Cardiff na kwengineko, wamekaa mbele ya kompyuta zao wakijihesabia kuwa sufuria ya shaba imeshakuwa yao. Imebaki dakika moja, imebaki nusu dakika, wanainuka kwenda kuteleka chai. Wakirudi, sufuria ina mwenyewe. Bila shaka walitukana. Yeye huku, chini ya ngazi, baina ya meza ya kupigia pasi na mashine ya kufagilia, alikuwa akijipiga mapaja kwa furaha.

Mnada wenyewe ulikuwa wa kwenye mtandao. Binti yake Haifa, aliyekuwa akisoma chuo, ndiye aliyemfundisha kubonyeza, Jumamosi moja ya mvua, na baadaye akajuta. Lakini ujanja hakufundishwa na Haifa. Ujanja alikuja nao kutoka Wete, Pemba, ambako mama yake alikuwa akinunua samaki mnadani karibu bila ya kufungua mdomo. Wenzake wanapayuka, huyu anatia bei, yule anapandisha, yeye kasimama anatazama vidole vya miguu yake, mtu angedhani kapotea njia. Dalali akishavuta pumzi ya kusema la mwisho, ndipo anapomgusa mkono na kumnong'oneza. Samaki keshakwenda. "Anayepiga kelele mnadani," alikuwa akimwambia mwanawe, "anampandishia bei mwenye samaki."

Basi Bi Mwatima naye hakutia bei mapema hata siku moja. Alifungua madirisha mawili kwenye kompyuta, moja la kutazamia muda, la pili keshaandika bei yake, imebaki kubonyeza. Na bei yake haikuwa ya namba kamili. Wengine wakiandika hamsini, yeye huandika hamsini na moja na peni thelathini na saba, kwa sababu aligundua kuwa binadamu huchoka akifika penye sifuri. Mtandao wao ulipita kwenye waya wa simu na ulitambaa, kwa hiyo aliupima: tangu kubonyeza mpaka bei kufika ni sekunde nne, tano siku za mkosi. Zikibaki sekunde kumi na nne alianza kusoma sura ya Kulhuwallah kwa mwendo wake wa kawaida. Akimaliza zimebaki saba. Anabonyeza. Haifa alimwambia kuwa kompyuta ina saa pale pale, kwenye pembe ya kioo, lakini Bi Mwatima alipimia mayai ya kuchemsha kwa njia hiyo maisha yake yote na hakupata hata moja bichi.

Sasa, hii si hadithi ya sufuria. Ni hadithi ya kikombe, na ya mumewe.

Mumewe, Bwana Mbarouk, alikuwa dereva wa basi, mtu mpole, asiyemwudhi hata abiria mlevi. Maneno yake yalikuwa machache na hadithi yake moja tu: kwamba mwaka 1961, akiwa kijana wa miaka kumi na minane, alishinda mbio za baiskeli za kutoka mjini Unguja mpaka Mkokotoni na kurudi. Ameihadithia harusini, ameihadithia matangani, ameihadithia kwenye foleni ya daktari wa meno. Palikuwa na mvua, palikuwa na matope, na pale Mahonda mnyororo ulichomoka akaurudishia kwa meno. Kila mwaka mnyororo ule ulichomoka mara moja zaidi.

Na kila alipokuwapo rafiki yake wa tangu utotoni, Bwana Sultan Harith, fundi seremala mwenye karakana nyuma ya soko, ilikuwa lazima amchokoze. "Ati Mbarouk, hebu tukumbushe, kikombe kiko wapi?" Mbarouk akajibu kuwa kikombe kimebaki, mwaka wa sitini na nne watu walitoka na roho zao, nani aliyebeba vikombe? Watu wakacheka. Hakuna aliyemwamini, hata watoto wake wa kuwazaa.

Ila Bi Mwatima. Miaka thelathini na moja ya ndoa yao, watu wakicheka, yeye alisema: "Alishinda. Mie najua." Na hakujua. Mwaka huo yeye alikuwa mtoto wa miaka kumi na moja, yuko Wete, bahari ipo katikati. Alikuwa anamdhamini mtu kwa jambo asiloliona, na moyoni, pale mnyororo ulipotiwa meno kwa mara ya sita, hata yeye alisitasita. Jambo hilo lilimkera kuliko vicheko vya watu. Alitaka kujua kama ameolewa na bingwa au na mwongo, na alitaka sana awe bingwa.

Kwa hiyo fikiria ilikuwaje asubuhi ile ya Novemba, katikati ya Ramadhani, alipoandika neno Zanzibar kwenye mnada kama alivyofanya kila siku, akitegemea stempu na picha za posta, pakatokea kikombe. Kidogo, cha rangi ya fedha, na maelezo mafupi: mbio za baiskeli, Zanzibar, 1961. Bi Mwatima alipiga ukelele, kisha akajiziba mdomo mwenyewe kwa kiganja.

Muuzaji alikuwa bibi mmoja wa Norwich, mjane, anayetoa vitu vya zamani darini. Picha aliipiga vibaya. Mwanga wa kamera ulianguka pale pale jina lilipochorwa, paking'aa peupe. Bibi wa watu aliandika chini kuwa anayetaka picha nyingine atamtumia. Bi Mwatima alimwandikia kumwuliza gharama za posta, na hakuuliza jina. Alijiambia kuwa anayeuliza sana mnadani huwaamsha waliolala. Ukweli ni kwamba aliogopa.

Na hakumwambia mtu. Kwao jambo halitangazwi kabla halijawa. Safari husemwa mtu keshafika, na nyumba husemwa mtu keshahamia, maana macho ya watu ni mengi na mengine yana makali. Akakaa na kikombe chake kifuani wiki nzima, akikoroga uji huku akicheka peke yake. Mbarouk alimwuliza kama yu mzima.

Siku ya tatu akatokea adui. Jina lake mnadani lilikuwa alexis52, na alitia bei mapema, tena kwa nguvu, bila ya adabu yoyote. Bi Mwatima alimchukia papo hapo. Alimwona kabisa machoni mwake: mwanamke mrefu mwenye paka wawili na kabati la vioo, anayekusanya vikombe vya watu ambao hata hawajui. Bei ikapanda mpaka arubaini na sita, ikasimama. "Ngoja tu, Alexis," alisema Bi Mwatima. "Tutaonana Jumapili."

Mnada ulikuwa unafungwa Jumapili, saa kumi na dakika kumi na sita za jioni. Na jua la London mwezi huo huzama saa kumi na dakika kadhaa, na saa kumi ya Unguja watu ndio kwanza wanaamka usingizi wa mchana. Yaani futari na mnada vilikuwa vinagongana, na Jumapili hiyo zamu ya kufuturisha ilikuwa yake. Watu kumi na wanne walikuwa sebuleni, wakiwamo Bwana Sultan na mkewe, wamekodolea macho sambusa na kaimati, wanangoja redio itoe adhana.

Ikaadhiniwa. Bi Mwatima alitia tende mdomoni, akagawa uji kwa kasi ambayo haijawahi kuonekana, akasema anakwenda kutazama mkate wa kumimina, akajifungia chini ya ngazi. Zimebaki dakika tano. Bei yake ilikuwa tayari imeandikwa, sitini na moja na peni thelathini na saba. Zimebaki nne. Hapo juu chumbani, Haifa akanyanyua simu ampigie rafiki yake.

Mtandao ukakatika.

"Mum!" Haifa alipiga kelele kutoka juu. "Why is the phone screaming at me?"

"Weka simu! Weka simu, mwana we, utaniua!"

Haifa akaweka. Bi Mwatima akaanza upya kuunganisha, na mashine ikaanza kulia na kukoroma na kupiga miluzi, sauti zikatoka chini ya ngazi mpaka sebuleni. Mkewe Sultan aliuliza ni nini hicho. Mbarouk alisema labda ni mkate. Bwana Sultan wala hakusikia. Yeye alikuwa na simu ya mkononi chini ya meza, na jioni ile aliitazama zaidi ya alivyoitazama sahani yake.

Dakika moja na sekunde ishirini. Kurasa zikafunguka, mstari baada ya mstari, na Bi Mwatima akaona balaa: Alexis hakulala. Bei ilikuwa sabini na tano. Bei yake ya sitini na moja imeshakuwa takataka. Alikuwa na pesa za zulia jipya la ngazi, alizozihifadhi tangu mfungo sita, mwezi wa Maulidi. Zulia liende! Akafuta, akaandika mia na moja na peni thelathini na saba, akakosea, akafuta, akaandika tena. Ishirini. Kumi na saba. Kumi na nne.

Alisoma. Hakukimbiza hata herufi. Alipomaliza akabonyeza. Kioo kikawa cheupe, kikakaa cheupe muda wa kutosha mtu kuzeeka, kisha yakaja maandishi ya kumpongeza. Alexis alikuwa ameficha bei yake ya mwisho, mia kamili. Alikuwa amechoka penye sifuri.

Hapo Bi Mwatima alisahau mila, akasahau macho ya watu, akasahau na umri wake. Alitoka chini ya ngazi mikono juu, akapiga vigelegele mpaka mlangoni mwa sebule. "Nimekipata! Nimekipata kikombe! Cha mbio za baiskeli, sitini na moja, Zanzibar! Kinakuja na posta! Jumapili ijayo nyote hapa, mje mkione kwa macho yenu!"

Sebule ikalipuka. Watu walimrukia Mbarouk, wakampiga mabega, wakamwomba radhi ya miaka thelathini. Mbarouk alikuwa na sambusa nusu njia ya mdomoni, na haikumaliza safari. Bwana Sultan alijimwagia uji. Simu yake ililia, akaikata bila kuitazama, akasema, "Hongera, shemegi," kwa sauti ya mtu aliyepewa habari ya msiba.

Jumatatu Bi Mwatima alikuwa angali anaimba jikoni. Jumanne aliona kuwa mumewe hali daku. Jumatano Mbarouk alisema, bila ya kuulizwa, kuwa posta ya nchi hii siku hizi haiaminiki kabisa, vitu vingi sana vinapotea. Alivyolisema neno "vinapotea" palikuwa na matumaini ndani yake. Bi Mwatima aliacha kuimba.

Kifurushi kilifika Alhamisi, Mbarouk yuko kazini. Alikifungua kwa kisu cha vitunguu, amesimama. Kikombe kilikuwa kirefu kama kiganja chake. Alikipeleka dirishani. Maandishi yalikuwa ya Kiingereza na yalisomeka vizuri sana: mshindi wa kwanza, Sultan Harith.

Alikisoma mara tatu. Alikuwa bado hajakaa chini kengele ya mlango ikalia, na aliyekuwa nje ni Sultan Harith mwenyewe, mbio mbio, vumbi la mbao bado liko kwenye nyusi.

"Shemegi, kimefika? Niuzie. Nakupa mia mbili. Usikifungue."

"Nishakifungua," alisema Bi Mwatima. "Ingia ndani, alexis52."

Sultan aliinamisha kichwa. "Alexis ni yule Mgiriki ninayefanya naye kazi. Mie kompyuta sijui."

Akaingia, akakiona mezani, na kwa kitambo alisahau kilichomleta. Alikigusa masikio yote mawili. Alisema alipoondoka Unguja alimwachia Mzungu mmoja aliyemtengenezea makabati, amhifadhie, na hakumwona tena. Kisha akatia mkono mfukoni mwa koti, akatoa kipande cha msasa.

"Wafanya nini?" aliuliza Bi Mwatima.

"Jina ni jepesi, shemegi. Dakika mbili tu. Likishatoka, tutasema limefutika kwa umri."

Bi Mwatima alimtazama mtu huyu mzima aliyekuja mbio, na funga yake, kulifuta jina lake mwenyewe. Alimnyang'anya msasa. Alimwambia hatoki mtu humu mpaka yeye aelezwe.

Sultan akaeleza. Ilikuwa baridi yao ya kwanza London, chumba kimoja, vitanda viwili. Mbarouk akaletewa barua kuwa baba yake kafariki na keshazikwa, na kwenda hakuendeki. Wiki tatu hakusema neno. Jumapili moja wakaja vijana wa nyumbani kuwatazama, na Sultan, kwa kuwa hakujua afanye nini, akawaambia: huyu mnayemwona kajikunyata hapa ndiye aliyeshinda mbio za baiskeli mwaka wa sitini na moja.

"Akanyanyua kichwa, akacheka. Kijana mmoja akamwuliza alishindaje, na yeye akaanza kuhadithia. Alikula siku ile, shemegi. Sasa ningemnyang'anya?"

"Na kila siku kumwuliza kikombe kiko wapi?"

"Asipoulizwa hahadithii."

Bi Mwatima aliuviringisha msasa mkononi. Alikuwa na hasira, tena kubwa, na chini ya hasira palikuwa na kitu kingine kinachopanda. "Na yeye alikuwa wa ngapi?"

"Wa kumi na moja."

"Kati ya wangapi?"

"Kumi na wawili," alisema Sultan. "Wa mwisho alimgonga mbuzi."

Ndipo kikamshinda. Alicheka mpaka akashikilia meza, akacheka mpaka Sultan naye akaanza, na hivyo ndivyo Mbarouk alivyowakuta, akiwa na sare yake ya basi, mlangoni pa jiko. Alikitazama kikombe. Aliutazama msasa. Akamtazama Sultan, na vicheko vikaisha.

Mbarouk alikichukua kikombe, akakigeuza polepole. "Kumbe kidogo hivi," alisema. "Mie nimewaambia watu kinanifika kifuani."

"Umeniapisha miaka thelathini na moja!" alisema Bi Mwatima.

"Sikukuapisha, mama Haifa. Uliapa mwenyewe." Akakiweka kikombe mezani. "Kila ukiapa nilisema, leo nitamwambia. Halafu naona vile ulivyonisimamia, nataka unisimamie mara moja zaidi."

Bi Mwatima alitafuta hasira yake, hakuiona ilikokwenda. Alimpokea mumewe begi, akamwambia akae.

Jumapili walikuja watu thelathini, maana habari ilikuwa imefika mpaka Thamesmead, ng'ambo ya pili ya London. Walipokwisha futuru, Mbarouk alisimama bila ya kuulizwa na mtu, akaanza. Ilikuwa hadithi ile ile, mvua ile ile, matope yale yale, lakini safari hii aliyekuwa juu ya baiskeli ya mbele alikuwa Sultan. Na aliihadithia vizuri kuliko alivyowahi, kwa sababu sasa alikuwa anasema alichokiona: shati jeupe la Sultan linavyopungua, linavyopungua, mpaka limekuwa kidoa, na yeye huko nyuma anakanyaga na kumchekea kwa furaha, maana anayeshinda ni rafiki yake. Akakichukua kikombe, akampa mwenyewe. Sultan alikipokea, akajifuta macho kwa kilemba cha mtu wa jirani.

"Na wewe ulikuwa wa ngapi?" mtu aliuliza kutoka nyuma.

"Mie?" alisema Mbarouk. "Mie nilikuwa wa kumi na moja."

"Mwongo huyo!" Sultan aliruka juu. "Alikuwa wa tisa! Niligeuka nikamwona!"

"Mie nilisikia wa saba," alisema mkewe Sultan, ambaye mwaka huo hakuwa amezaliwa.

"Wa sita!" alisema mwengine mlangoni. "Baba yangu alikuwapo."

Sebule nzima ikawa inapayuka, wa tano, wa sita, wa nne, na Mbarouk katikati anacheka huku anafuta machozi, anawaomba wamwamini kwa mara moja. Bi Mwatima alikuwa amesimama karibu na birika la chai, anatazama vidole vya miguu yake. Alingoja. Alipoona wamechoka, na wa mwisho wao kasema wa nne, na kila mtu kaanza kurudi kwenye sahani yake, akanyanyua kichwa.

"Wa pili," alisema.

Hakuna aliyetia bei juu yake.